Vishale: Hatuombi Hisani, Twataka Njia

Desemba 2025 Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, alisimama London mbele ya Mike De Decker wa Ubelgiji katika mashindano ya dunia ya vishale. Alikuwa nyuma kwa seti mbili, akashinda 3-2. Nafasi ile hakupewa na mtu. Aliipata kwa mkono wake, katika mchujo wa Afrika.

Wako ndugu wapendao tuombewe nafasi za mwaliko. Kweli zipo: katika Ligi Kuu ya vishale wanne huingia kwa cheo, wanne huchaguliwa na waandaaji. Lakini akualikaye leo aweza kukusahau kesho. Katika yale mashindano ya dunia walicheza watu 128, na nafasi 48 zilikuwa za michujo ya kimataifa. Mlango wetu ni huo.

Basi mchujo wa taifa usikae pwani tu. Tabora ndipo reli ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana, kama misafara ya Bagamoyo ilivyogawanyika pale zamani, wengine Ujiji, wengine Karagwe. Kijana wa Urambo akitakiwa Dar es Salaam, nauli yammaliza kabla hajarusha kishale kimoja. Chama cha vishale kipange mchujo Tabora, na tarehe itangazwe mapema.