Choki ya otomatiki si ya kufungwa kwa waya

Leo naacha kompyuta kidogo, wasomaji wangu, nizungumzie injini. Msiende mbali, maana hitilafu ni hitilafu.

Magari ya zamani yenye kabureta bado tunayo Kenya, na mengi yana choki ya otomatiki. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Kwa hivyo kibati kilicho mdomoni mwa kabureta hujifunga ili hewa ipungue na petroli izidi. Katika aina nyingi kinaendeshwa na springi ya metali mbili. Springi ikipashwa joto, ama na umeme ama na maji ya rejeta, inalegea na kibati kinafunguka. Hiyo ni programu kamili: inapima joto, inaamua, inatenda.

Ikisumbua, mafundi wengi hukifunga kibati kwa waya kibaki wazi daima. Mimi napinga. Ni kama kuficha ujumbe wa hitilafu na kuiacha hitilafu yenyewe. Mombasa huenda usione tofauti, lakini jaribu Limuru alfajiri ya Julai!

Choki iliyokwama ikiwa imefunga ni mbaya zaidi: moshi mweusi, plagi nyeusi, na petroli inayoosha oili kwenye kuta za silinda. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi tayari huzidisha petroli kwenye mchanganyiko.

Kabla ya waya, chunguza. Gari likiwa nje na injini baridi, toa kifuniko cha kichujio cha hewa, kanyaga pedali ya mafuta mara moja. Kibati kisipofunga, huenda ekseli yake ina uchafu. Ipulizie dawa ya kusafisha kabureta, si oili, maana oili hunasa vumbi. Washa injini: kibati kifunguke kidogo papo hapo. Kisipofunguka, kagua mpira mwembamba wa vakyumu, huenda umepasuka. Baada ya dakika kama kumi kiwe kimesimama wima. Kama bado na choki ni ya umeme, pima kama umeme unafika injini ikinguruma. Ukilazimika kuzungusha kikombe cha springi, kitie alama kwanza ujue kilipokuwa.

Mpira uliopasuka ni kitu kidogo. Petroli unayoichoma bure kila asubuhi si kidogo. Fundi akitoa waya, muulize kwanza: umeona nini kibovu?