Betri Ibadilishwe, Kisiwa Kisifungwe

Kila panapozuka mjadala wa usafiri wa umeme chuoni kwetu, wanafunzi wenzangu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushangilia kila kitu: magari, meli, ndege, vyote vitatembea kwa betri na vyote vitabadilishiwa betri kama boda boda. Kundi la pili hucheka na kusema kubadili betri ni mchezo wa pikipiki, haufai kwa chombo kikubwa. Nadai kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba kosa lao linaweza kuwagharimu watu wa visiwani katika Ziwa Viktoria kwa muda mrefu.

Nianze na ndege, kwa kuwa hapo hoja ni fupi. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri ya lithiamu, ukihesabu na kasha lake, hubeba takriban 0.2. Mota ya umeme haipotezi nishati nyingi kama injini ya mafuta, kwa hiyo tuipe heshima yake na kuiongezea mara tatu. Hata hivyo betri itabaki nyuma kwa mara 20 hivi. Isitoshe, mafuta hupungua kadiri ndege inavyosonga, na ndege hutua ikiwa nyepesi kuliko ilivyopaa. Betri iliyoisha ina uzito uleule wa betri iliyojaa.

Sasa kubadili betri kunatibu nini hapa? Kunapunguza muda wa kusubiri uwanjani, basi. Hakuongezi hata kilomita moja angani. Kiwanda cha Pipistrel cha Slovenia kilitengeneza ndege ndogo ya mafunzo, Alpha Electro, ambayo betri zake ziliweza kutolewa na kuwekwa nyingine kwa dakika chache. Ndugu yake, Velis Electro, iliyopata ithibati ya mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya mwaka 2020, betri zake hukaa humo humo ndani na kuchajiwa. Huruka kwa dakika 50 hivi, ikiwa na watu wawili. Kutoka Entebbe hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Anayetuahidi leo safari hiyo kwa ndege ya abiria ya kubadili betri anauza mbuzi kwenye gunia.

Majini mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapogombana na kundi la pili. Maji hubeba uzito ambao hewa haiwezi kuubeba. Tani kumi za betri zinaiangusha ndege ndogo, lakini kivuko kinachobeba malori huzipokea kama lori jingine tu. Wala hili si jambo la kufikirika. Uholanzi, tangu mwaka 2021, meli ya mtoni iitwayo Alphenaar imekuwa ikibeba bia kutoka Alphen aan den Rijn hadi Moerdijk kwa betri zilizofungwa ndani ya kontena za futi 20, kila kontena likiwa na kilowati-saa 2,000 hivi. Kontena likiisha, kreni ya bandarini hulishusha na kupandisha lililojaa. China nayo iliingiza kazini mwaka 2024 meli ya mizigo ya COSCO katika mto Yangtze, kati ya Shanghai na Nanjing, yenye betri za makontena zinazozidi kilowati-saa 50,000 kwa jumla. Huo si mchezo wa pikipiki.

Wapinzani wangu hutaja Norway. Kivuko cha Ampere, kilichoanza kazi mwaka 2015 kati ya Lavik na Oppedal, hubeba magari 120 na abiria 360, huvuka kwa dakika 20 na huchajiwa gatini kwa dakika kama kumi. Hakibadilishi betri. Wanauliza: kwa nini tusinunue hicho hicho? Jibu limo ndani ya mfano wao wenyewe. Hata Norway, nchi yenye umeme wa maji wa kumwaga, gridi ya vijiji vile haikuweza kutoa umeme mwingi kiasi hicho kwa mara moja. Ilibidi wafunge betri nyingine nchi kavu, kila upande, zijaze taratibu ili zikimimine chomboni kwa haraka. Yaani waliweka betri gatini kusubiri kivuko. Sisi tunasema: ikiwa lazima betri isubiri gatini, basi na ipande kivukoni yenyewe.

Tufanye hesabu ya kisiwa cha Bugala huko Kalangala. Tuseme kivuko kinahitaji kilowati-saa 500 kwa safari moja. Ukitaka kuzijaza kwa robo saa, unahitaji kilowati 2,000 kwa mkupuo. Mtambo wa jua na dizeli uliojengwa Bugala kwa ajili ya umeme wa kisiwa ni wa kilowati 1,600. Maana yake, kila kivuko kikitia nanga, zahanati, mashine za barafu za wavuvi na nyumba zote zingezimwa, na bado umeme usingetosha. Lakini tukiwa na betri za akiba, safari nne kwa siku kutoka upande huo zinahitaji kilowati-saa 2,000, ambazo zikigawanywa katika saa 20 ni kilowati 100 tu. Mzigo huo kisiwa kinaubeba, na mchana jua litasaidia. Zaidi ya hayo, betri iliyochoka kwa kusukuma kivuko bado ina nguvu ya kuwasha friji ya chanjo.

Sisemi njia hii ni ya bure. Betri mbili au tatu za akiba ni fedha nyingi, kreni inahitaji fundi, gati lazima liimarishwe, na lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Ila betri ya gatini kwa mtindo wa Norway nayo ni fedha, na haiwezi kuondoka hapo ilipofungwa. Tena betri iliyo juu ya sitaha ndani ya kontena inakaguliwa na kuondolewa kirahisi kuliko iliyozikwa tumboni mwa chombo.

Wengine watanitajia Better Place ya Israeli, iliyojenga vituo vya kubadili betri za magari ikafilisika mwaka 2013. Ni kweli ilifilisika. Ilikuwa na aina moja tu ya gari, Renault Fluence, na vituo vyake vilisubiri wateja ambao hawakufika. Kivuko hakisubiriwi kwa kubahatisha. Njia yake inajulikana, ratiba yake inajulikana, na magati yake ni mawili.

Hatari ya kweli haimo katika ufundi, imo katika umiliki. Kaka yangu anaendesha boda boda ya umeme Kampala. Betri si yake, ni ya kampuni. Kituo cha kampuni yake kikiishiwa betri, yeye husimama kando ya barabara akitazama betri zilizojaa katika kituo cha kampuni nyingine, ng'ambo tu, lakini haziingii kwenye pikipiki yake. Siku hiyo anapoteza nauli chache. Hebu fikiria kisiwa kizima katika hali hiyo: umbo la betri ni la kampuni moja, plagi ni ya kampuni moja, na programu inayoruhusu betri kuwaka ni ya kampuni hiyo hiyo. Ikipandisha bei, utakwenda wapi? Utaogelea?

Tunao mfano wa karibu wa kujifunza. Mwaka 2009 Kenya iliweka kanuni za gesi ya kupikia: vali ya mtungi iwe ya aina moja, na kampuni zibadilishane mitungi. Mama wa nyumbani akawa huru kurudisha mtungi wa kampuni yoyote na kuchukua wa nyingine. Baadaye wajazaji wa magendo wakajipenyeza, mitungi ikazagaa bila mwenye kuwajibika, na kanuni mpya za mwaka 2019 zikaondoa ulazima wa kubadilishana. Funzo ni mawili. Vali moja humkomboa mnunuzi. Lakini mtungi usiojulikana ni wa nani, na nani aliukagua mara ya mwisho, ni bomu jikoni.

Kwa hiyo nataka mambo matatu kabla ya serikali yoyote kuzunguka ziwa hili kutia saini ya kununua kivuko cha kubadili betri. Kwanza, kipimo cha kontena, plagi na lugha ya mawasiliano kati ya betri na chombo viwe kiwango cha wazi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili betri iliyojazwa Mwanza ifae Kisumu na Bugala. Jumuiya tayari ina utaratibu wa kuoanisha viwango, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ipo Kisumu. Pili, kila betri iwe na daftari lake: mmiliki, mkaguzi, umri, na nguvu iliyobaki. Tatu, mkataba uwape watu wa kisiwa haki ya kununua umeme na betri kwa mwingine pale mwenye zabuni anaposhindwa.

Kuna watakaouliza haya yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili. Yanatuhusu sana. Mikataba ya namna hii huandikwa kwa Kiingereza, hujadiliwa hotelini, kisha huletwa gatini ikiwa imekwisha kusainiwa. Nahodha wa Luku, mchuuzi wa samaki wa Mwanza na fundi wa Mbita wana lugha moja inayoweza kuwakutanisha, nayo ndiyo tunayoisomea. Tukiitumia kuchambua tamathali za semi pekee, tukaacha vipengele vya mkataba vipite bila kufasiriwa, tutakuwa tumesoma lugha ya watu bila watu wenyewe. Wahadhiri wetu watupe mikataba hiyo tuitafsiri darasani, kifungu kwa kifungu, kabla kalamu haijagusa karatasi. Mkataba ukishasainiwa, tafsiri yetu itawasaidia watu wa kisiwani kulalamika tu.