Redio Isizibe Kilio
Katika nyumba za reli hapa Kisumu kuta ni nyembamba. Msimamizi akimpiga kofi mmoja wetu, sote twaweka nyundo chini. Mke wa mwenzetu akipigwa usiku, twaongeza sauti ya redio. Nami nimefanya hivyo. Asubuhi bibi wa ustawi wa jamii huja peke yake, ampeleke mama polisi, kisha kwa daktari ajaze fomu ya P3. Sheria ya mwaka 2015 yaipa korti nguvu ya kumtoa mpigaji nyumbani. Lakini nyumba ni ya kazi, jina ni la mume. Mama hunyamaza asije akalala nje na watoto. Chama kimwombe mwajiri amwachie mama huyo chumba mpaka kesi iishe. Nitaitoa hoja hiyo mkutanoni.