Bima ya Afya Isiyasahau Macho

Mwezi wa Novemba 2023 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwaka huo huo, huko Zanzibar, Mfuko wa Huduma za Afya ulianza kazi kwa kuwahudumia kwanza watumishi wa umma. Hivyo pande zote mbili za Muungano zimeshika njia moja, kwamba mtu achangie akiwa mzima ili atibiwe akiwa mgonjwa. Hili ni jambo la kuungwa mkono na kila mwananchi anayeitakia nchi yake heri. Lakini sheria ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Leo tunapenda kuzungumzia kiungo kimoja ambacho husahauliwa upesi panapogawanywa fedha za afya, nacho ni jicho.

Maradhi ya macho hayaui haraka, na kwa sababu hiyo huwekwa nyuma. Mwenye homa kali hupelekwa hospitali usiku wa manane. Mwenye mtoto wa jicho huambiwa kwamba huo ni uzee tu, avumilie. Huko kuvumilia kuna gharama kubwa. Katika mwambao huu, kuanzia Mbweni mpaka Saadani, na katika visiwa vinavyotukabili, watu wengi hula kwa macho yao. Mvuvi anayeshona wavu, mama anayefunga mwani kwenye kamba kule Mlingotini, mchonga milango wa Bagamoyo, msusi wa ukili na mwalimu wa chuo anayesomesha watoto msahafu, wote hawa jicho likififia, riziki nayo hufifia. Na kipofu mmoja nyumbani huwafunga wawili, kwa kuwa mjukuu aliyepaswa kuwa shuleni hugeuka kuwa fimbo ya babu yake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu wao ungeweza kuzuiwa au ungali haujashughulikiwa. Mambo mawili makubwa katika hesabu hiyo yana tiba inayojulikana. La kwanza ni kukosa miwani. Mtu akishapita umri wa miaka 40 jicho lake hupoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu. Hiyo ni desturi ya maumbile, na miwani ya kusomea yatosha. La pili ni mtoto wa jicho. Daktari huondoa kioo cha jicho kilichoingia ukungu na kuweka kingine cha kutengenezwa, na kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku ile ile au ya pili yake.

Kama tiba ipo, kwa nini basi vipofu wa aina hii wangalipo? Jibu moja ni fedha. Tangu utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanzishwa mwaka 1993, mzigo mkubwa umebebwa na mgonjwa na jamaa zake. Kwa mzee wa kijijini gharama hiyo haiishii kwenye operesheni. Ipo nauli ya kwenda Dar es Salaam, ipo nauli ya mtu wa kumshika mkono, na ipo posho ya siku za kungoja. Mzee huyo husubiri mpaka macho yote mawili yafunge ndipo jamaa wachangishane.

Mifuko ya bima iliyotangulia ilikusudiwa kuuondoa mzigo huo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, uliwachukua kwanza watumishi wa Serikali kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mtumishi. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, ulilenga wakulima na wavuvi. Ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Dosari yake ilikuwa katika hiari. Aliye mzima alikaa kando, akajiunga yule aliyekwisha kuugua, na mfuko wa wagonjwa watupu hauwezi kusimama. Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa mfano wa kikoa: kila mmoja akitoa kwa zamu wote hula, bali mkila wengi na kutoa wachache, chungu hukauka. Ndiyo maana sheria ya 2023 imeufanya uanachama kuwa wajibu, na ikaagiza wasio na uwezo wagharamiwe.

Bima ikienea, kazi ya kutibu macho nayo itabadilika. Kwa miaka mingi operesheni za macho zimetegemea sana misaada na kambi za muda. Tunawashukuru wafadhili na madaktari wanaojitolea. Hata hivyo, kambi huja na kuondoka. Mwenye presha ya macho hahitaji tiba ya wiki moja. Huhitaji dawa ya matone kila siku ya maisha yake, kwani uoni uliokwisha kupotea kwa maradhi hayo haurudi. Mwenye kisukari hupaswa kuangaliwa nyuma ya jicho kila mwaka hata akiwa haoni dalili yoyote. Kazi za namna hii hudumu tu pale kitengo cha macho kinapokuwa na mapato ya uhakika mwaka mzima, na bima inaweza kuyaleta mapato hayo.

Lakini yapo masharti. Machi 2024 wananchi waliona hospitali kadhaa za binafsi zikisitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa sababu ya ubishi juu ya bei mpya. Kadi ilikuwa mkononi, mlango umefungwa. Funzo lake ni kwamba bei inayolipwa na mfuko ndiyo inayoamua mgonjwa atapokewaje. Bei ikiwa ndogo mno, mtoa huduma atamkimbia mwanachama, au atamwomba nyongeza ya pembeni. Ikiwa kubwa mno, yatazaliwa madai ya uongo, na miwani ya urembo itaandikwa kuwa ya dawa. Malipo nayo yakichelewa, mwenye zahanati ndogo ya macho, anayenunua vioo na fremu kwa fedha taslimu, atafunga duka kabla ya hospitali kubwa kuhisi maumivu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wenye dhamana.

Kwanza, kitita cha chini kabisa, kile cha mvuvi na mkulima, kiwe na operesheni ya mtoto wa jicho pamoja na kioo chake, miwani ya kawaida, na matone ya presha ya macho. Isiwe miwani ni haki ya mwenye mshahara peke yake.

Pili, bei zipangwe kwa hesabu iliyo wazi mbele ya watoa huduma, na madai ya haki yalipwe kwa wakati. Mdanganyifu naye aadhibiwe bila kutazamwa uso.

Tatu, huduma ianzie zahanati. Rwanda iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima uoni na kutoa miwani ya kusomea, na wananchi hawakulazimika tena kusafiri kwa jambo dogo. Muuguzi wa Makurunge au wa Miono anaweza kufundishwa vivyo hivyo, na rufaa ya Muhimbili au CCBRT ibaki kwa anayehitaji daktari bingwa.

Nne, mifuko ya pande mbili za Muungano itambuane. Bahari iliyopo kati ya Bagamoyo na Unguja haijapata kuwa mpaka wa jamaa. Mwenye kuchangia upande mmoja akiugua upande wa pili asigeuke mgeni.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, katika kila watu 100 wenye haja ya miwani, waongezeke 40 wenye kuipata ipasavyo. Na katika kila 100 wenye haja ya operesheni ya mtoto wa jicho, waongezeke 30. Muda uliobaki ni mchache.

Nao wananchi wana sehemu yao. Mchango utolewe kabla ya maradhi, watoto wapimwe macho wanapoanza shule, na wazee wasifichwe nyumbani kwa kisingizio cha umri. Viongozi wa vijiji, wa mitaa na wa shehia waorodheshe kwa uaminifu kaya zisizo na uwezo, bila kuangalia udugu wala urafiki, kwa maana jina la tajiri likiingia katika orodha hiyo, jicho la maskini mmoja litakuwa limezibwa.