Seva iliwaka, kazi ikalala

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, samahani. Kuna jambo liliniudhi, na nikiudhika siandiki, nalalamika tu kwenye daladala. Leo nimepoa, acha niseme.

Chumba chetu cha habari kina seva moja. Ndani yake zimo kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta zisizoshikika, zinazoishi ndani ya hiyo moja kwa nguvu ya programu. Moja inatunza picha, nyingine ndiyo tunayoandikia na kuhariri, ya tatu ni ya wahasibu, mambo yao siyajui. Usiku mmoja saa tatu umeme ukakatika na betri za akiba zikaisha. Uliporudi seva ikawaka yenyewe, taa za kijani zikapepesa, tukashangilia. Lakini ukurasa wa kuhariri ukagoma kufunguka. Zile tatu zilikuwa zimelala, zinangoja mtu aje aziwashe kwa mkono. Mtu mwenyewe anakaa Mbagala na simu kaizima. (Simlaumu, naye analala kama sisi.) Gari la magazeti ya mikoani halimsubiri fundi. Habari yangu ya korosho, niliyoifuata Masasi siku nne, ikatoka kesho yake, wenzetu wameshaitoa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa yake ni tiki moja. Seva yetu inatumia Proxmox, na kwenye mipangilio ya kila kompyuta pepe kuna kiboksi cha kuiambia iwake seva inapowaka. Usipokigusa, hailiamki jitu. Kwa wanaotumia KVM ya kawaida ni amri fupi, virsh autostart na jina la mashine. VMware ESXi nayo huja kipengele hicho kikiwa kimezimwa. Hyper-V ya Microsoft ina adabu kidogo: mashine iliyokuwa kazini umeme ulipokatika huwashwa tena bila mtu kuulizwa.

Fundi ana hoja. Anasema umeme ukirudi huwa haujatulia, na kuwaka na kuzimika ghafla mara tatu kunaweza kuharibu hifadhidata. Kweli kabisa. Lakini Proxmox hiyo hiyo inakubali kusubiri hadi dakika tano kabla ya kuwasha mashine ya kwanza, na unapanga ipi itangulie. Tahadhari yake inaweza kuandikwa kwenye mipangilio. Kwa nini ibaki kichwani mwake, Mbagala?

Mnakumbuka Agosti 25, 2023, Kenya ilipoingia gizani? Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na majenereta. Moja likagoma kuwaka, abiria wakakaa gizani.

Kwa hiyo nimemwomba fundi tuizime seva makusudi Jumamosi asubuhi, bila kugusa kitu tena, tuone nini kinaamka. Mhariri amenuna, anasema nitaleta nuksi. Fundi amekubali, ila kahawa ninunue mimi.