Likizo si Mombasa Peke Yake

Desemba ikikaribia, wengi wetu hapa Kisian huanza kuweka akiba ya kwenda Mombasa. Sina ugomvi na bahari ya chumvi. Lakini mwaka huu nimewaambia jamaa zangu kuwa safari yetu ni Mfangano, nao wakacheka: kisiwani kwa wavuvi?

Naam, huko huko. Hapa njia panda twashika barabara ya Bondo hadi Luanda K'Otieno, twavuka kwa feri mpaka Mbita, kisha mashua. Mfangano ni mlima wa kijani uliosimama majini, mabaki ya volkeno ya Kisingiri iliyowaka mamilioni ya miaka iliyopita. Kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale ya miviringo, myekundu na myeupe. Wazungu walikuwa wakiletwa kwa ndege kutoka Masai Mara kuja kuvua mbuta ziwani, ilhali sisi majirani twacheka!

Nami sitafuti hoteli. Tutalala kwa wenyeji, nao wapate hizo shilingi. Zaidi ya yote nawataka wanangu wasikie Kisuba kikisemwa na wazee, kwa maana vijana wengi wa kisiwani sasa husema Kijaluo. Lugha yetu ndiyo iliyoimeza yao, na mtoto wa Kijaluo anayejua jambo hilo atajifunza angalau kuwaamkia wenyeji wake kwa lugha yao.

Mama watoto ameuliza kama kuna mbu. Wapo, kama hapa Kisian.