Injini Ikitetemeka, Usikimbilie Kabureta



Wiki hii safu yetu inatoka jikoni na kuingia chini ya boneti. Tafadhali usiufunue ukurasa kwa kudhani kuwa haya ni mambo ya wanaume. Nyumba nyingi hapa Pwani zingali na gari kuukuu lililoachwa na baba au babu, na mara nyingi anayeliendesha leo ni mama au binti, akiwapeleka watoto madrasa na wazee hospitali. Gari hilo likiugua, yeye ndiye anayesimama mbele ya fundi, na yeye ndiye anayeambiwa alete pesa.

Kwetu nyumbani liko Peugeot 504 la marehemu baba. Gari la aina hii lilitoka kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi likawabeba abiria wa masafa marefu katika nchi yetu. La kwetu lina injini ya silinda nne, na petroli yake hupitia kabureta. Halina kompyuta ya kulisomea maradhi yake. Basi hapana budi mtu aulize na kutafuta mwenyewe.

Miezi michache iliyopita gari hilo lilianza kutetemeka kila liliposimama. Katika foleni ya feri ya Likoni ndipo lilipotuaibisha: injini ilipiga mipigo isiyolingana, kama mtu apandaye ngazi huku akichechemea, kisha ikazimika mbele ya watu. Barabarani, likishashika mwendo, likawa tulivu kana kwamba halina ugonjwa wowote.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa, akakata hukumu: "Kabureta imekufa, Bi. Inamwaga petroli. Nunua nyingine." Nilipomwambia kwamba breki nayo imekuwa nzito, alicheka, akasema ni mguu wangu wa kike usio na nguvu. Akazungusha bisibisi mara mbili tatu juu ya kabureta, injini ikapandisha sauti, nikaambiwa nirudi na pesa. Bei aliyoitaja ilikaribia karo ya muhula mzima ya watoto wawili wa dada yangu. Mama, ambaye hulitegemea gari hilo kila wiki kumfikisha kliniki, alivua bangili zake mbili za dhahabu, akaziweka mezani bila ya kusema neno. Usiku ule sikulala vyema.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi mzee wa mtaani ambaye sote twamwita Ami. Hakuigusa boneti. Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuniuliza.

"Latetemeka likiwa baridi tu, mwanangu, au hata likishapata moto?"

"Yote mawili, Ami."

"Likisimama au likienda?"

"Likisimama. Likienda lapona."

"Na ukivuta choki kidogo?"

Hapo niliona haya. Kwa wiki tatu nilikuwa nikivuta choki kiasi cha nusu kidole ili gari litulie katika foleni. "Latulia," nikamjibu.

"Kuna jambo jingine lililobadilika, hata kama waona halihusiani?"

Nikasita, kwani nilikwisha kuchekwa mara moja. Kisha nikasema, "Breki imekuwa nzito."

Alinyamaza kidogo. "Nadhani nimeujua ugonjwa," akasema, "lakini kudhani si kujua. Tuupime."

Nataka kukuhadithia alivyoupima, kwa maana ndani ya utaratibu ule ndimo lilimo funzo la leo. Injini ya petroli yataka mambo matatu: ibane vizuri ndani ya silinda, ipate cheche kwa wakati wake, na ipate mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo. Mchanganyiko huo ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kimoja kikiharibika, mtetemeko waweza kufanana na ule wa kingine. Ndiyo maana sikio peke yake halitoshi.

Kwanza Ami alitaka kujua kama ugonjwa uko katika silinda moja au katika zote. Injini ikiwa yaenda, alitoa waya wa plagi ya kwanza kwa koleo yenye mpini wa mpira, akauegemeza kwenye chuma, akasikiliza, akaurudisha. Kisha wa pili, wa tatu na wa nne. Silinda inayofanya kazi, ukiinyima cheche, injini huyumba zaidi. Silinda iliyolala, hata ukiinyima, sauti haibadiliki. Kwetu zote nne ziliyumba kwa kiasi kimoja. Basi hakuna aliyelala. Lililowasumbua ni jambo wanaloshirikiana wote. (Kazi hii mwachie fundi, kwani waya huo hupiga shoti kali.)

Pili aliitazama njia ya cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 900 kwa dakika huhitaji cheche 1800, yaani 30 kila sekunde, na kila moja hutokana na pointi ndogo ndani ya distribyuta kufunguka na kufunga. Pointi zikichakaa, au nafasi baina yake ikiwa si sawa, mipigo huvurugika. Katika magari mengi ya rika hilo nafasi hiyo ni karibu milimita 0.4, ingawa kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Zetu zilikuwa salama. Alikifuta kifuniko cha distribyuta ndani, akatafuta nyufa, akakwangua chumvi ya kijani iliyoota kwenye waya wa kutuliza umeme. Hewa yetu ya bahari hula shaba bila ya kelele.

Tatu alizifungua plagi, akazipanga juu ya gazeti. Hapa ndipo gari linaposema lenyewe. Plagi yenye rangi ya hudhurungi hafifu yaeleza kwamba moto wawaka sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Yenye mafuta mazito, oili yapita mahali pasipo pake. Nyeupe, hewa imezidi au petroli imepungua. Zetu zote nne zilikuwa nyeupe.

Ami akanitazama. "Uliambiwa kabureta yamwaga petroli? Lau ingalikuwa yamwaga, hizi zingalikuwa nyeusi." Na ile choki yangu ilikuwa shahidi wa pili: choki hupunguza hewa na kuzidisha petroli, na kama kuzidisha petroli kwaituliza injini, basi injini ilikuwa na njaa ya petroli au imeshiba hewa isiyopaswa kuingia. Alipima petroli inayosukumwa na pampu ndani ya chupa, akaiona yatosha na ni safi. Ikabaki hewa.

Akachukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, ncha ya pili akiipitisha polepole kwenye kila kiungo cha manifoldi na kila mpira. Alipofika kwenye bomba nene liendalo nyuma hadi kwenye kile chombo cheusi cha duara kama sufuria, ambacho mafundi hukiita busta ya breki, akanipa nisikilize mimi. Lilikuwa likifyonza hewa kwa mluzi mwembamba. Alilibana kwa koleo upande wa injini, na pale pale mtetemeko ukakoma.

Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Busta hutumia mvuto wa injini kuusaidia mguu wa dereva kubana breki. Bomba lake likipasuka, hewa ya ziada huingia katika injini bila ya kupimiwa petroli, na wakati huo huo breki hukosa msaada wake. Injini ikiwa imetulia huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo ufa mdogo huwa jambo kubwa. Ikishika mwendo huvuta hewa nyingi, na ufa ule ule hauonekani. Ni kama kijiko kimoja cha maji: ndani ya kikombe cha kahawa huiharibu, ndani ya birika zima hakitambuliki.

Fikiria sasa lile lililokuwa likitungoja. Lau ningeliuza bangili za Mama na kununua kabureta, fundi angeliifunga, akaizidishia petroli mpaka injini ikanyamaza, nami ningelirudi barabarani nikifurahi. Breki zingelibaki vile vile, na kila siku nateremka mteremko wa feri nikiwa na watoto watatu kiti cha nyuma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe haungelijengeka tena.

Bomba jipya halikufika hata sehemu ya ishirini ya bei ya kabureta. Ami alisisitiza liwe bomba gumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, kwani mpira wa kawaida wa maji hunyong'onyea ukivutwa na njia ikajiziba. Kisha akazirudisha skrubu za kabureta zilizozungushwa na fundi wa kwanza, kwani kabureta ilikuwa imepotoshwa ili kuficha kosa lisilo lake. Bangili zimerudi mkononi mwa mwenyewe.

Simaanishi kwamba kabureta haina hatia siku zote. Moshi ukiwa mweusi, plagi zikijaa masizi na gari likinuka petroli, anza kwa kutazama kama choki imekwama au chujio la hewa limeziba. Baada ya hapo, boya la ndani ya kabureta na sindano yake vyaweza kuwa vyenye makosa. Uchafu mdogo kwenye jeti nao huleta mtetemeko. Hata hivyo, mara nyingi kusafisha na kubadilisha gasketi kwatosha. Gari likisumbua asubuhi za mvua au unyevu, mshuku kwanza kifuniko cha distribyuta na nyaya za plagi. Likianza vyema kisha likachoka kwenye kilima kirefu, tazama chujio la petroli, pampu na kutu ya tangi. Likivurugika likishapata moto, kondensa na koili zipimwe. Na silinda moja ikilala ingawa plagi na waya wake ni wazima, mtake fundi apime mgandamizo wa zote nne. Valvu iliyoungua haiponyeshwi na kabureta yoyote duniani.

Busta yenyewe waweza kuipima wewe mwenyewe, leo hii, gari likiwa limesimama pahala tambarare na breki ya mkono imevutwa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Uache mguu juu yake, kisha uwashe injini. Kanyagio likizama kidogo, busta yapata mvuto. Lisipozama, usiendelee na safari, mwite fundi.

Na dada zangu, tahadhari. Kabla ya kuinama juu ya injini inayozunguka, kunja mikono ya buibui na uufunge mtandio nyuma. Feni na mkanda wake havijui stara wala huruma. Watoto wakae mbali. Usiiache injini ikinguruma ndani ya ua uliofungwa, kwani moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu iwezayo kuua. Na fundi akitaka kunyunyiza petroli juu ya injini ya moto ili kutafuta panapovuja, mkataze.

Jambo la mwisho ni hili. Ami alikuwa na bisibisi, koleo na kipande cha mpira, lakini nusu ya jawabu ilitoka kinywani mwangu, katika maneno niliyokuwa karibu kuyameza kwa haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeliendesha gari kila siku analijua kuliko anayelisikiliza kwa dakika moja. Kabla ya kwenda gereji andika karatasini: lini lilianza, baridi au moto, likisimama au likienda, na nini kingine kimebadilika. Fundi akikwambia ununue kitu, muulize kwa adabu: "Umepima nini kikakuonyesha hivyo?" Fundi wa kweli atafurahi kukuonyesha. Asiye na jibu, mshukuru, ufunge boneti, uende kwa mwingine.

Tukutane wiki ijayo inshaallah. Wabillahi tawfiq.